Namba Nane Juu ya Bati

Kabla ya kukusalimia, aliuliza namba.

Ungeweza kufika umevaa nguo nyeusi, macho yamevimba, umetembea kwa miguu toka mtaa wa Panda na jua limekuchoma kichwa. Ungesimama mbele ya kibanda chake ukitafuta neno la kuanzia. Yeye angebaki ameinama juu ya meza, penseli sikioni, bila kukuangalia usoni.

"Namba?"

"Bonjour kwanza, papa," watu walimwambia.

"Bonjour iko. Namba?"

Alikuwa mtunza makaburi. Sisi tunaita mahali hapo malaloni. Watu walimwita Muzee wa Fishi kwa sababu ya fishi zake, yaani zile kadi za karatasi ngumu alizofungia ndani ya droo ndefu ya mbao. Kila kaburi lilikuwa na kadi yake. Ufunguo wa droo aliuvaa shingoni kama watu wengine wanavyovaa rozari.

Mimi napaka rangi misalaba ng'ambo ya barabara. Naandika polepole, na kazi hiyo haitaki haraka. Kwa miaka kadhaa nilimtazama mzee huyo kutoka kwenye benchi langu, na sitaficha: nilimtazama kama mtu anavyomtazama jirani anayemdhania kuwa ndiye anayempunguzia kuku. Ilisemwa kwamba anatoa kaburi moja kwa watu wawili. Ilisemwa kwamba marehemu asiyetembelewa anatolewa chini, na mwingine analazwa mahali pake, na kadi inabadilishwa bila mtu kujua. Hakuna aliyeona kwa macho yake. Lakini kila mtu alimjua mtu aliyeona.

Nami nilikuwa na sababu yangu. Baba yangu amelala mle. Kila mwaka, Siku ya Wafu, mimi na mama tulikwenda kufyeka majani juu ya kaburi lake na kusali. Kama uvumi ule ulikuwa kweli, basi hatukujua tulikuwa tunamsalia nani.

Mabati yake ndiyo yaliyowatia watu wasiwasi kwanza. Alichukua mabati ya zamani ya paa, yale tunayoita manjanja, akayakata vipande vya ukubwa wa kiganja, akatoboa tarakimu kwa msumari na nyundo. Shaba asingeweza kutumia. Hapa Likasi kipande cha shaba hakilali nje siku mbili. Bati lilipigiliwa kwenye kigingi kifupi upande wa kichwa, na hapo lilibaki, hata moto wa nyasi wa kiangazi ulipounguza msalaba wa mbao.

Namba ya kaburi, iliyofuata mahali na si tarehe ya kuzika, ilikuwa na tarakimu nne. Juu ya bati zilikuwa nane.

Hizo nne za ziada ni za nini? Wengine walisema ni siku ya mtu atakayefuata kufa katika ukoo huo. Wengine walisema ni namba ya yule atakayelazwa juu yako. Na yeye mwenyewe alizidisha mashaka. Alitembea kati ya makaburi, akapiga goti mbele ya bati lililooza, akapapasa matundu kwa kidole huku midomo ikichezacheza. Aliyemwona kwa mbali aliapa kwamba anaongea na waliolala.

Siku moja mama mmoja anayeuza mishumaa karibu na benchi langu alishindwa kuvumilia. Yule mama haogopi mtu. Alivuka barabara, mimi nikamfuata kwa nyuma nikijifanya natafuta kivuli.

"Muzee, unaongea na nani pale?"

"Nahesabu."

"Unahesabu nani?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa kama jua linawaka. Kisha akachukua kijiti, akachora mavumbini:

4 7 1
2 6 8
6 3

"Kaburi ni ine, saba, mbili, sita," alisema. "Hawa ine njo benye nyumba. Wengine ni basentinele."

Basentinele ndivyo tunavyowaita walinzi wa usiku, na njo kwetu ni ndiyo. Akaeleza, kwa sauti ya mtu asiyependa kueleza, kwamba kila mstari na kila safu ina mlinzi wake. Nne na saba ni kumi na moja: anaacha kumi, anaandika moja pembeni. Mbili na sita ni nane. Kwa kushuka, nne na mbili ni sita, saba na sita ni kumi na tatu: anaandika tatu chini.

"Sasa kutu inakula saba, inafanana na moja. Weye unaona moja. Lakini mustari wa juu unakataa, sababu ine na moja ni tano, na sentinele anasema moja. Safu ya pili nayo inakataa. Mustari huu na safu hii zinakutana wapi?"

Mama wa mishumaa aliweka kidole cha mguu juu ya saba.

"Voilà. Mugonjwa ni huyo. Na dawa yake ni gani? Ine na ngapi inaisha na moja?"

"Saba."

"Amepona."

"Na kama kutu inakula sentinele mwenyewe?"

Kwa mara ya kwanza nilimwona akimtazama mtu machoni. "Hapo mustari unakataa peke yake, safu zote zinakubali. Basi ni mulinzi anaumwa. Wenye nyumba beko salama."

"Na kama wawili wanaoza?"

"Hapo bati linanyamaza. Naenda kuuliza majirani yake, namba za kushoto na kuume."

Mama wa mishumaa alirudi kwenye meza yake akitikisa kichwa. "Muntu anayejua kuponya namba," aliniambia, "anajua pia kuiumiza." Nilikubaliana naye. Nilikuwa nimeelewa hesabu yote, na nilimshuku zaidi kuliko jana.

Hesabu hiyo hakuipata malaloni. Zamani alifanya kazi ya fonii, ile redio ya sauti. Aliketi mjini na kupokea habari za maji kutoka Koni na Mwadingusha: maji ya bwawa yamefika wapi, yameshuka kiasi gani. Wakati wa mvua radi ilimeza tarakimu. Mwenzake wa upande wa pili alisema tarakimu nne, zikafika tatu, au zikafika nne na moja kati yao ni ya uongo. Kuomba arudie haikusaidia daima, kwa sababu mara nyingine sauti ilikatika mpaka kesho. Ndipo wakapatana kutuma na jumla pia.

"Radi ni mwongo mukubwa," aliwahi kusema. "Lakini hajue kujumlisha."

Ujanja huo ulimtia matatani. Watu wawili wenye miwani nyeusi walikuja kumwuliza kwa nini anatumiwa tarakimu nane wakati maji yanasemwa kwa nne. Aliwachorea mistari na safu. Wakatazamana. Walimweka ndani siku mbili, na siku ya tatu wakamleta mwalimu wa hesabu aitazame ile karatasi. Mwalimu alicheka mpaka akaketi. Wakamwachilia, lakini hawakuomba msamaha, na mmoja alimwambia kwamba bado anamwangalia.

Nafikiri ni hapo alipoanza na yeye kuwashuku watu. Sisi tulimshuku yeye, naye alitushuku sisi sote, na kwa hilo alitushinda mbali. Sokoni alikuja na kopo lake mwenyewe la kupimia unga. Alipima, akamwita mtu mwingine apitaye, akamwomba apime tena. Wauzaji walimchukia.

"Papa, unaniona miye mwizi?"

"Sikuone mwizi. Naona mukono. Mukono unachoka."

Ukimwambia saa, alimwuliza na mwingine. Ukimwambia fulani amekufa, aliuliza nani mwingine anajua. Alikuwa na mbwa wawili wa rangi ya udongo, Koni na Mwadingusha, na kila jioni aliwaita kwa majina, akawahesabu moja, mbili, kisha akawahesabu tena kuanzia upande wa pili. Mbwa wawili! Na mtu huyo aliyebeba maelfu ya makaburi kichwani hakuweza kushika namba ya simu yake. Aliiandika kwa makaa ukutani mwa kibanda, na jumla zake pembeni.

Kibanda chenyewe hakikuwa na kufuli. Jembe, sufuria, blanketi, vyote vililala wazi. Droo tu ndiyo iliyofungwa. Ukimwuliza sababu alisema jembe likiibwa utajua limeibwa, lakini kadi ikihamishwa nafasi hutajua kitu.

Droo hiyo nayo ilikuwa na mambo yake. Kadi zilipangwa kwa namba, toka ndogo mpaka kubwa, zimebanana. Siku moja alifika bwana mmoja kwa gari, mtu wa haraka, saa kubwa mkononi. Alikuwa na namba ya kaburi la shangazi yake, akataka kadi upesi. Mzee alifungua droo, akaingiza kidole katikati kabisa, akatazama kadi moja, akairudisha. Kisha akaruka mbele, katikati ya nusu iliyobaki. Akatazama. Akarudi nyuma kidogo.

"Muzee, weye unacheza?" bwana alisema. "Anzia mwanzo, ufuate moja moja!"

"Mwanzo iko mbali."

"Unarukaruka kama panzi! Namna hiyo utaipita!"

"Kila mara naruka, natupa nusu. Weye hesabu."

Bwana alihesabu kwa sauti, kwa dharau, akituangalia sisi tuliosimama mlangoni ili tucheke naye. Saba. Nane. Tisa. Alipofika kumi na moja, mzee alivuta kadi, akaiweka mezani. Bwana alisoma jina, akatazama droo kwa chini kama mtu anayetafuta waya.

"Umeiroga," alisema.

"Fishi elfu nane hazipite mara kumi na tatu. Gawanya weye mwenyewe."

Bwana hakugawanya. Alipanda gari, na kabla ya kuwasha injini aliniuliza mimi, kwa dirisha, kama yule mzee ana leseni ya kazi ile.

Wasio na namba alikuwa nao pia, na hao ndio waliomwogopa zaidi. Alikuja bibi mmoja akitafuta mtoto aliyemzika zamani, bila karatasi, bila msalaba. Mzee alivuta droo ndogo ya pili, iliyopangwa kwa miezi ya kuzika, akaanza kumwuliza. Mvua ao kiangazi? Mbele ya Noeli ao nyuma? Ulikuwa ungali unakaa Panda ao mulikuwa mumeisha kuhama? Sauti ile ile, kavu, swali juu ya swali, na kila jibu likitupa nusu ya kadi upande.

"Usiniulize hivi kama muntu aliyeiba!" bibi alilia. "Ni mutoto yangu!"

"Najua. Mbele ya mahindi kukomaa ao nyuma?"

Bibi alipata kaburi. Aliondoka bila kumshukuru, na mimi pale benchini nikasema moyoni kwamba hata mimi nisingemshukuru.

Hakuwahi kusema pole. Hakuhudhuria mazishi hata moja: jeneza likiingia, alisogea kando na kipande cha bati mkononi, akasubiri watu waondoke ndipo akapigilia. Majina aliyaandika kwenye kadi kwa sababu sheria ilitaka, lakini hakuyasoma. "Majina yanafanana," alisema. "Namba, basentinele wakikubali, imekwisha."

Sasa nifike kwenye habari yetu.

Baba alipozikwa, mama alikuwa amelazwa hospitali na hakuweza kusimama. Baba mdogo ndiye aliyesimamia kila kitu, kisha akarudi kwao akafa huko. Mimi nilikuwa na miaka tisa, darasa la tatu. Kesho yake mama alinituma malaloni nikamwandikie namba ya baba, kwa sababu yeye hakusoma. Niliandika kwa penseli tarakimu zote za bati lake kwenye kipande cha karatasi ya daftari, na mama akakiweka ndani ya kitabu chake cha nyimbo za kanisa. Kiangazi kilipofika, moto wa nyasi uliunguza karibu misalaba yote, nami sikuweza tena kukumbuka mahali. Mama alipopata nguvu, tulikwenda kibandani na karatasi. Mzee aliisoma, midomo ikacheza, akasema, "Imekubali," akatuongoza mpaka kwenye kilima cha udongo upande wa chini. Bati lilikuwa na namba 3851. Hapo ndipo tulipofyeka miaka kumi na moja.

Upande ule wa chini, korongo limekuwa likitafuna ardhi. Mvua za mwaka jana zilifikia safu ya kwanza ya makaburi. Tangazo likabandikwa langoni: wenye ndugu karibu na korongo waje na namba zao, marehemu wahamishwe juu kabla mvua kubwa hazijarudi, na kila anayehamishwa lazima jina lake lisomwe kwenye kadi mbele ya jamaa. Mama hakulala vizuri tangu alipolisikia tangazo hilo. Aliota baba akienda na maji.

Tulifika kati ya wa kwanza. Mzee alichukua karatasi, akahesabu, akaruka ndani ya droo, akavuta kadi. Kisha akakaa akiitazama muda mrefu kuliko nilivyowahi kumwona akitazama kitu.

"Mama," alisema, "hii ni mwanamuke."

"Nani mwanamuke?"

"Anayelala pale. Fishi inasema mwanamuke. Alizikwa miaka mbili mbele ya bwana yako."

Jambo la kwanza nililofikiri mimi ni: haya, ndiyo yale.

"Uliuzisha nafasi yake," mama alisema. Hakupiga kelele bado.

"Sikuuzisha kitu."

"Ulimutosha shimoni bwana yangu, ukaweka muntu mwingine!"

"Mama, huyu alitangulia. Angalia tarehe."

"Tarehe uliandika weye! Namba uliandika weye! Fishi ni yako, droo ni yako, funguo ni yako! Nani mwingine anajua?"

Hilo lilikuwa swali lake mwenyewe, alilowauliza watu miaka yote. Watu walijaa mlangoni. Mama wa mishumaa aliimba, "Niliwaambia! Niliwaambia!" Mtu mmoja alipendekeza waite polisi, mwingine akapendekeza wamchome pamoja na kadi zake. Mzee alikusanya kadi, akafunga droo, akatoka katikati yetu na mbwa wake wawili. Hakurudi siku ile, wala ya pili, wala ya tatu.

"Amekimbia," watu walisema. Mama alihamia kwenye benchi langu. Alikuja asubuhi na chakula chake, akaketi akitazama kile kibanda mpaka jioni, karatasi ya namba mkononi. Jumamosi ndiyo siku iliyopangwa kuchimba. Kama baba asingepatikana kabla, korongo lingemfuata popote alipo, au hakuwepo popote.

Siku ya nne, mchana, mzee alitokea. Hakutoka upande wa mji, alitoka ndani ya malaloni, amechafuka mpaka magotini. Alivuka barabara. Kwa miaka yote niliyokaa pale, hakuwahi kuvuka barabara kuja upande wetu. Mama alisimama. Yeye alimpita, akaja kwangu, akaniwekea juu ya magoti kipande cha bati chenye udongo mbichi, na penseli yake.

"Weye njo uliandika ile karatasi?"

Niliitikia kwa kichwa.

"Andika hii."

"Usiandike kitu!" mama alisema. "Anatafuta kukutega."

"Mama, muache aandike. Namba zote nane. Kama zamani."

Bati lilisema hivi:

3 5 8
8 1 9
1 6

Nilichukua kipande cha karatasi ya msasa, nyuma yake, nikaandika kwa mstari mmoja, polepole kama kawaida yangu. Tatu. Nane. Moja. Tano. Moja. Sita. Nane. Tisa. Nilipomaliza, mzee hakunitazama. Alimwomba mama karatasi yake ya zamani, na mama, sijui kwa nini, akampa. Aliziweka pamoja juu ya benchi.

Zilikuwa sawa, tarakimu kwa tarakimu.

"Sababu gani unashuka?" aliniuliza, na sauti yake haikuwa kavu.

Sikuelewa. Alirudia, akionyesha kwa kidole: nilisoma safu ya kwanza toka juu mpaka chini, kisha ya pili, kisha ya tatu. Yeye anasoma kwa kwenda toka kushoto, kama maneno.

"Hesabu za kujumlisha," nilisema. "Masomoni zinashuka. Jumla iko chini."

Alikaa kwenye ukingo wa benchi langu. Kisha akatuonyesha. Ukiandika kwa kushuka na kusoma kwa kwenda, mistari inakuwa safu na safu zinakuwa mistari. Tatu tano nane moja inakuwa tatu nane tano moja. Na walinzi wote wanakubali! Tatu na nane, kumi na moja: moja. Tano na moja: sita. Tatu na tano: nane. Nane na moja: tisa. Hakuna anayekataa, kwa sababu hakuna tarakimu iliyo mgonjwa. Wote ni wazima, wamegeuka tu.

"Nilijikinga na kutu," alisema. "Nilijikinga na radi, na mwizi, na mukono wenye kuchoka. Mutoto wa darasa la tatu, hapana. Ningetoboa mushale moja tu, wa kuonyesha njia ya kusoma."

"Bwana yangu iko wapi?" mama aliuliza.

"Tatu tano nane moja. Juu, karibu na ukuta. Maji hayawezi kufika pale. Nilitafuta jina lake kwa droo ya miezi, nikaenda nikang'oa hii bati." Akairudisha karatasi kwa mama. "Na siku ile mulikuya na karatasi, sikufungua fishi. Namba ilikubali. Sikusoma jina."

"Miaka kumi na moja?"

"Miaka kumi na moja, mama."

Mimi nilitazama mkono wangu ulioshika penseli. Miaka yote nilimpeleleza mzee huyu toka ng'ambo ya barabara nikitafuta mkono uliomhamisha baba. Nilitaka mama anitukane. Hakunitukana. Alisema tu, "Twende."

Kaburi lilikuwa kama alivyosema, karibu na ukuta. Majani yalitufika kiunoni. Udongo ulikuwa umelala sawasawa, haujaguswa na mtu tangu siku ya kwanza, na hilo mama alilikagua kwa muda mrefu, akizunguka, akibonyeza kwa kisigino, kwa sababu alikuwa bado hajamwamini. Ndipo akapiga magoti, akaanza kung'oa. Hakulia. Mzee na mimi tulisimama kando, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kusaidia.

Mama alipoinuka, mikono imejaa udongo, alimgeukia mzee.

"Na ule mwanamuke wa chini? Jumamosi?"

"Hana jamaa aliyekuya. Ule si wenu, mama. Hamulazimishwe."

"Si wetu?" Mama alimsogelea mpaka mzee akarudi hatua. "Miaka kumi na moja namufyekea majani. Nilimwambia magonjwa yangu yote, na deni zangu, na mambo ya ndugu za bwana yangu ambayo sikuambie hata padri. Leo unataka nimuache aende na maji pamoja na siri zangu?"

Jumamosi tulimfukua kwa uangalifu, tukamleta juu, tukamlaza kando ya baba, nafasi ya mkono mmoja kati yao. Mama wa mishumaa alileta mishumaa, akasema kwa sauti kwamba yeye hakuwahi kumshuku mtu. Kabla hatujaanza kufukia, mama alimwuliza mzee yule mwanamke anaitwa nani. Mzee alitoa kadi mfukoni, akavaa miwani, akasoma jina lote, polepole, mara mbili.

Mama aliinama juu ya shimo.

"Bonjour, mama," alisema. "Tunajuana zamani. Ni jina tu njo lilikosa."